Kipimo Kinasema Anasikia, Mgonjwa Anasema Haambulii Kitu

Mgonjwa anaeleza kwamba watu wanne wakiongea kwa pamoja, haambulii neno. Anapimwa usikivu, majibu yanatoka safi, anaambiwa masikio ni mazima na anarudishwa nyumbani. Jibu hilo limekuwa gumu kulitetea tangu mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa usikivu wa Boston, walipochapisha utafiti wao wa panya, ingawa wapo wanasayansi makini wasiokubali kwamba yaliyoonekana kwa panya yanawahusu na binadamu.

Panya hao walipigiwa kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Usikivu ulishuka sana, kisha baada ya wiki 2 ukarudi, na seli zote za vinyweleo, yaani seli za sikio la ndani zinazopokea sauti, zilikuwa bado zipo. Kwa vigezo vilivyozoeleka, sikio limepona. Ila koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani zilimo seli hizo, zilipotiwa rangi inayong'arisha sinapsi (viungo vya kupitishia ishara kutoka seli hadi neva), na sinapsi zikahesabiwa chini ya hadubini, ilionekana kwamba katika eneo la sauti nyembamba karibu nusu ya viungo kati ya seli za vinyweleo za ndani na neva ya kusikia vilikuwa vimepotea. Havikurudi, na katika miezi iliyofuata seli za neva zenyewe zikaendelea kufa polepole.

Kwa nini kipimo kisilione pengo kubwa kiasi hicho? Kipimo cha kawaida hupiga mlio mmoja mmoja, kuanzia hezi 250 hadi 8000, katika chumba kilichozuiliwa kelele, kutafuta mlio mdogo kabisa ambao mtu anausikia. Kazi hiyo haitaki nyuzi nyingi za neva. Mwaka 2013 watafiti waliwapa chinchila, mnyama mdogo wa jamii ya panya, kaboplatini, dawa ya saratani ambayo kwa mnyama huyu huua seli za vinyweleo za ndani na kuziacha za nje. Usikivu wa milio katika utulivu haukuyumba sana mpaka seli za ndani zilipopungua kwa asilimia 80 hivi. Takwimu hii isomwe taratibu. Sikio lililobakiwa na seli moja ya ndani kati ya tano linaweza kufaulu kipimo kilekile tunachokitumia kumwambia mtu kwamba hana tatizo. Na hasara haigusi nyuzi zote sawasawa: kwa nguruwe guinea, mnyama mdogo wa maabara, kelele ilichukua zaidi zile nyuzi zinazoamka sauti inapokuwa kubwa. Nyuzi zinazoamka kwa sauti ndogo hufika kikomo upesi kelele ikizidi; hizi nzito kuamka ndizo hubaki na nafasi ya kutofautisha maneno. Ndiyo maana mtu anasikia mlio kwenye kibanda cha kupimia lakini anapotea kwenye maongezi.

Wapinzani wana hoja nzito. Nyani walihitaji kelele kali zaidi kuliko panya, na walipoteza sinapsi chache. Mwaka 2017 kikundi cha Manchester kilipima vijana 126 wenye usikivu wa kawaida, na hakikuona uhusiano kati ya kelele waliyokutana nayo maishani na wimbi la kwanza la neva ya kusikia, yaani ishara ya umeme inayotolewa na neva hiyo sauti inapoingia, ambayo hunaswa kwa elektrodi zinazobandikwa kichwani. Tena, kushindwa kufuata maongezi kunaweza kutokana na umakini, kumbukumbu, au upungufu ulio juu ya hezi 8000 ambao haukupimwa.

Hoja hizo zinatuzuia kumbandika kila mlalamikaji jina la uziwi uliojificha, yaani ule ambao kipimo cha milio hakiuoni, lakini hazithibitishi kwamba sikio la binadamu limesalimika. Wimbi la kwanza hubadilika kwa ukubwa wa kichwa, jinsia na mahali elektrodi ilipobandikwa; likichukuliwa nyuma ya sikio huwa dogo mno, likichukuliwa ndani ya tundu la sikio hukua. Na koklea za wazee zilizochunguzwa baada ya kifo zilionyesha nyuzi za neva zimepungua kuliko seli za ndani zenyewe.

Hapa ndipo kanuni za kazini zinaponitia wasiwasi. Kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, muda ukipunguzwa nusu kwa kila desibeli 3 za ziada, kiliwekwa kwa kuangalia upotevu wa kudumu kwenye kipimo cha milio. Masikio yanayoziba baada ya zamu na kuzibuka asubuhi hayahesabiwi kuwa na madhara. Dhana hiyo ndiyo panya wa 2009 waliyoivunja, hata kama kiwango chao hakiwezi kuhamishwa moja kwa moja kwa mfanyakazi.

Mwaka 2022 dawa ya OTO-413, iliyobeba BDNF, protini inayosaidia neva kukua na kuishi, na kudungwa kupitia kiwambo cha sikio, ilishindwa kuizidi dawa bandia. Wapo walioona hapo ndipo nadharia ilipofia. Washiriki, hata hivyo, walichaguliwa kwa jinsi walivyopata shida kusikia katika kelele, maana hakuna njia ya kuhesabu sinapsi za mtu aliye hai. Ambao tatizo lao lilikuwa kwingine walichanganywa na wale ambao dawa ilitengenezwa kwa ajili yao. Kabla ya jaribio lingine, kila mshiriki apimwe maneno ndani ya kelele, milio hadi hezi 16,000, rifleksi ya misuli ya sikio la kati (jinsi inavyojikaza yenyewe sauti ikiwa kubwa), na wimbi la kwanza kwa elektrodi ya ndani ya tundu, na sikio lilelile lifuatiliwe kwa miaka.