Karatasi za Ohio na ukimya wa Isevya

Huku Columbus, Ohio, anayetaka kuwajua mababu zake haendi kwa wazee. Anakwenda kituo cha historia ya familia cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, anakaa kwenye kompyuta bila kulipa hata senti. Sensa zao hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ile ya 1950 ilifunguliwa 2022. Mzungu mmoja ninayefanya naye kazi anajua hadi jina la meli iliyomleta babu yake.

Ndugu zangu wa Tabora mkisikia hayo mnasema wenzetu wameendelea. Kwa hili, mimi nasita.

Mwenzangu mwingine ni Mmarekani mweusi. Alifuatilia ukoo wake hadi sensa ya 1870, akakwama. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mwenye mali. Mtumwa mwenyewe kwa kawaida ni umri, jinsia na rangi, basi. Makaratasi yote yale, na bibi yake hana jina.

Na sisi je? Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo, na si kila aliyepita alipita kwa hiari yake. Tanganyika utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1922, juzi tu. Lakini mwulize shangazi pale mtaani Isevya, Tabora, mama yake babu alitokea wapi. "Alikuja na watu." Kisha anakuuliza kama umekula, na mazungumzo yamekwisha.

Ile ni stara. Karani wa Marekani alimnyima mtu jina kwa sababu alimhesabu pamoja na ng'ombe. Shangazi anaficha habari ili mjukuu asije akasimangwa. Siwezi kuviweka kapu moja. Ila wa kutusimanga wenyewe wamebaki wangapi?

Kwa hiyo vijana mnaoniandikia tuchangishane tufungue kituo kama cha huku, kompyuta itasoma nini? Waliobatizwa na Mapadre Weupe wana vitabu vya parokia, waanzie huko. Sisi wa msikitini kitabu chetu ni shangazi, na kwenye simu hasemi, anaishia kunisifia nimenenepa. Mlio karibu nendeni na sukari, mkae naye jioni. Msimwulize mbele ya wakwe.