Haitukuzi ujambazi hata kidogo

Mwandishi wa makala kuhusu muvi ya Kibrazili City of God anasema inawatukuza majambazi, na analalamika inaonyeshwa hadi kwa watoto. Hilo la kutukuza mi nakataa kabisa, sijui kama hata aliimaliza. Hiyo muvi ya 2002 ya Fernando Meirelles na Kátia Lund niambieni ni jambazi gani mle ndani unatamani uwe yeye, Zé Pequeno ndo bosi wa unga karibu mtaa mzima, bunduki anazo, hela anazo, lakini hata msichana wa kucheza naye disko anakosa, na wanaokuja kummaliza ni watoto wadogo ambao alikuwa anawatesa mwenyewe (samahani kwa ambao hamjaiona). Sini ya watoto wanaambiwa wachague risasi ya mkono au ya mguu, halafu mtoto mwenzao analazimishwa kumuua mmoja wao, jamani pale nani anashangilia??

Na mtaa wenyewe wa City of God upo kweli Rio de Janeiro, Brazil, serikali iliujenga miaka ya 60 kuwahamishia watu waliofukuzwa kwenye favela (mitaa ya mabanda), wakatupwa mbali huko na mji na kazi zao, Paulo Lins aliyeandika riwaya iliyozaa hiyo muvi kakulia hapohapo na waigizaji wengi walikuwa vijana wa favela sio mastaa. Hiyo mbona mwandishi kairuka?

Ila hapo kwenye vibanda umiza (vibanda vya kuonyeshea muvi mtaani) kuionyesha mchana kweupe watoto wa shule ya msingi wamekaa mstari wa mbele, hilo nakubaliana na mwandishi, wenye vibanda wafukuze watoto kwanza.