Mtakapougua Tutawabeba

Najua mshaisikia ile ya Kihispania changu kwa wageni. Mpishi wetu ameitangaza Mbuyuni nzima, na kwa habari yake yeye eti wageni walikimbilia polisi. Uongo. Hakuna aliyekimbia. Mama mmoja alikaa chini tu.

Ilikuwa jioni, bustanini hotelini hapa Moshi, tunakagua vifaa. Familia ya watu wanne kutoka Mexico, kesho yake tunaanza kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Mimi na Kihispania changu cha miezi saba, na nina kitu kipya kabisa mfukoni: subjuntivo. Ni hivi, ukisema "cuando llegamos" umesema tunapofika kila siku, au tulipofika. Kama safari bado iko mbele, kitenzi lazima kigeuke: "cuando lleguemos", tutakapofika. Wiki nzima niliyakariri haya mpaka kwenye daladala. (Mke wangu alidhani nimeokoka, nanena kwa lugha.)

Sasa balaa ni hii "-ki-" yetu. Mkiumwa. Ni endapo mtaumwa, au siku mtakapoumwa? Yote mawili, na hakuna Mswahili anayeuliza. Nikakunja mikono ya shati.

"Cuando se enfermen, los bajamos en camilla." Nikawaonyesha na picha ya machela yenyewe kwenye simu, ile ya tairi moja.

Kimya. Nikajua kitenzi kimewaingia.

"Cuando no puedan respirar, hay oxígeno." Nikaupigapiga mtungi kama muuza gesi.

Baba akaweka glasi yake ya juisi ya parachichi mezani, taratibu, macho yakiwa kwangu. Glasi ikakaa ukingoni, nusu hewani. Mama akauliza kwa kasauti kadogo: "¿Todos?"

Jamani! Mimi nikadhani anauliza kama huduma ni ya wote. Nikatabasamu mpaka magego. "Todos, señora. Está incluido en el precio."

Hapo ndipo alipokaa. Juu ya begi la mgumu, yaani mpagazi wetu, lenye sufuria ndani.

Binti yao akanivuta pembeni, anaongea Kiingereza huku anafuta machozi ya kicheko. Sarufi yangu, akasema, haina kosa hata moja, na hilo ndilo tatizo: nimewaahidi. Mtakapougua. Mtakaposhindwa kupumua. Wote, na mmeshalipia. Jambo la labda linataka "si", yaani endapo, na ukiweka hiyo, subjuntivo yako unaiacha nyumbani: "si se enferman". Nikarudi mbio kujisafisha: "¡Si se enfermen!" Wote wanne wakanikatalia kwa pamoja kama kwaya ya Jumapili.

Basi, tukapanda, tukashuka, hakuna aliyebebwa. Tipu msiniulize.

Ila getini mama alinishika mkono, akasema maneno mengi matamu kuhusu kurudi Tanzania, na sikio langu siku hizi limefunzwa. Alisema "si volvemos". Hakusema "cuando".