Koyote wa Marekani: msimu wa serikali au ruhusa ya mwenye shamba?

Machi 2024, tume inayosimamia maliasili katika jimbo la Michigan ilipiga kura kufunga uwindaji wa koyote kuanzia Aprili 16 hadi Julai 14. Kabla ya hapo mnyama huyu, ndugu wa bweha wetu ila mkubwa kidogo, alikuwa akipigwa risasi mwaka mzima. Wawindaji walikuja juu. Chama chao kikuu kilikwenda mahakamani kikidai tume imesikiliza hisia za watu na kuacha sayansi, ilhali kura ya wananchi ya mwaka 1996 iliitaka iamue mambo kwa misingi ya kisayansi. Waliounga mkono walijibu kwamba kumuua jike anayenyonyesha na kuacha watoto wake wafe njaa shimoni kunawachafulia jina wawindaji wote, hata wale wastaarabu.

Pande zote mbili zinagombea kalenda. Naona zinaacha swali gumu zaidi, la nani anafungua geti la shamba.

Lakini tuanze na hiyo kalenda, maana tarehe zake hazikuokotwa. Koyote hupandana kati ya Januari na Machi, mimba huchukua siku zipatazo 63, na watoto huzaliwa Aprili na Mei. Ngozi nayo huwa na manyoya mazito wakati wa baridi. Ya Juni haina thamani. Ndiyo maana New York hufungua msimu Oktoba 1 na kuufunga Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwindaji wa ngozi hapotezi kitu miezi ya joto, na hata biashara yenyewe ya baridi imepoteza mteja mkubwa tangu Canada Goose, kampuni ya makoti iliyokuwa ikipamba kofia zake kwa manyoya ya koyote, ilipotangaza mwaka 2021 kwamba inaachana na manyoya. Texas, kwa upande wake, haina msimu wala kikomo cha idadi. Majimbo mengi ya magharibi na kusini yako hivyo hivyo.

Anayeumia na kalenda ni mfugaji. Miezi ambayo koyote ana watoto wa kulisha ndiyo hiyo hiyo ambayo kondoo na ng'ombe wengi wanazaa. Mtu ameamka alfajiri, anamkuta mwanakondoo wa siku mbili amelala na matundu ya meno chini ya taya, halafu aambiwe asubiri Julai 15? Hakuna jimbo lenye akili linalothubutu. Sheria za misimu huacha mlango kwa anayeharibiwa mali, na Michigan nayo iliuacha: koyote anayeleta hasara kwenye ardhi ya mtu binafsi anaweza kuuawa hata msimu ukiwa umefungwa.

Hapo ndipo ugomvi unapopungua ukubwa ghafla. Kama mwenye shamba analindwa, basi msimu kwa kweli unamfunga mgeni: mtu wa mjini mwenye bunduki na darubini ya kuona joto la mwili gizani, anayekuja kwa burudani. Simdharau. Wafugaji wengi humpenda kwa sababu anafanya bure kazi wanayoichukia. Ila hoja yake kwamba bila yeye koyote watajaa haina nguvu sana. Wizara ya Kilimo ya Marekani, kupitia kitengo chake cha wanyamapori, iliua koyote zaidi ya 60,000 mwaka 2021 peke yake. Utah inalipa dola 50 kwa koyote mmoja tangu 2012. Pamoja na hayo yote, mnyama aliyekuwa wa nyanda za magharibi sasa yuko karibu kila pembe ya bara lile, baada ya mbwamwitu kufutwa sehemu kubwa. Watafiti wa California walipiga hesabu mwaka 1975 wakaona kwamba ili kummaliza ungelazimika kuua asilimia 75 kila mwaka kwa zaidi ya miaka 50.

Sababu moja iko katika maisha ya familia zao. Jozi moja hushika eneo lake na kuwafukuza wageni. Ukiiua, majike waliokuwa hawazai huanza kuzaa, na vijana wasio na makazi huingia. Eneo hilo linaweza kufikia kilomita za mraba kumi au zaidi, yaani mashamba mengi madogo kwa pamoja. Chukua jirani wawili. Wa kwanza ana kondoo, na koyote wa pale wamezoea panya na sungura, hawajawahi kugusa zizi. Wa pili hana hata kuku, ila anafurahia kukaribisha marafiki wawinde usiku. Ruhusa ya huyu wa pili inaweza kumletea yule wa kwanza koyote wapya wasiojua mipaka. Sheria inamwona kila mmoja ni mfalme ndani ya ua wake. Koyote hasomi hati za ardhi.

Lakini mwenye shamba naye ana haki yake. Kisheria, wanyamapori Marekani wako chini ya dhamana ya jimbo kwa niaba ya umma, kama ambavyo Tanzania huwaweka chini ya Rais. Umma huo haumlipi mfugaji kila mwanakondoo anayeliwa. Ukimnyima neno la mwisho kwenye ardhi yake, unamwambia alishe mali ya watu wote kwa mfuko wake.

Swali linabaki: ruhusa hiyo itolewe vipi? Ohio inadai iwe ya maandishi. Texas inamwachia mwenye ardhi atoe onyo, hata kwa rangi tu: mistari ya zambarau iliyosimama wima, yenye urefu usiopungua inchi 8, kwenye mti au nguzo, kati ya futi 3 na 5 kutoka ardhini. Ukiiona, umeshaambiwa usiingie. Vermont iliandika katika katiba yake tangu 1777 kwamba watu wana uhuru wa kuwinda kwa nyakati zinazofaa kwenye ardhi yao na ardhi nyingine isiyozungushiwa ua. North Dakota nako ardhi isiyo na bango ilihesabiwa kuwa wazi kwa wawindaji, na ni mwaka 2021 tu wenye ardhi waliporuhusiwa kuweka katazo kwa njia ya kielektroniki.

Mtindo wa kale ulikuwa na mantiki yake: mwenye ardhi anaishi mbali, utampata wapi? Leo programu ya simu inaonyesha mpaka wa kila kiwanja na jina la mwenye nacho. Aliyeweza kununua darubini ya maelfu ya dola anaweza kupiga simu au kubisha hodi.

Mbwa wa kuwinda ndio wanaovuruga kila kanuni. Virginia inamruhusu mwindaji kuingia kwenye ardhi aliyokatazwa ili kumfuata mbwa wake, ikiwa msako ulianzia kwingine, mradi asibebe bunduki. Wawindaji wa mbweha na wa rakuni, mnyama mdogo wa Marekani, wamepewa uhuru zaidi. Kwa mwenye mbwa ni ubinadamu. Kwa mama aliye peke yake nyumbani akiona wanaume wanakatiza bustani yake saa mbili usiku, ni jambo jingine kabisa.

Na kuna mahali ambapo ruhusa, hata yenye muhuri, haisaidii. North Carolina ina mbwamwitu wekundu, spishi iliyo ukingoni kutoweka, na wengine walipigwa risasi kwa kudhaniwa ni koyote. Mwaka 2014 mahakama ya shirikisho ilisimamisha uwindaji wa koyote katika kaunti tano. Baadaye ukarudishwa kwa kibali maalumu na mchana tu.

Ningekuwa kwenye ile tume ya Michigan ningepiga kura ya kufunga, ila ningedai mambo mawili zaidi: idhini ya mwenye shamba kwa maandishi kwa kila anayewinda usiku, na mbwa wasiachiliwe bila kukubaliwa na mashamba ya jirani. La pili lingenipatia maadui wengi kuliko tarehe zozote.