Nusu kilomita ya maji kati ya mzazi na thieta

Kuna hoja ninayoisikia sana kutoka kwa watu wa afya ninaowaheshimu. Wanasema wodi ndogo za wazazi zifungwe usiku, au zifungwe kabisa, na kila mwenye uchungu apelekwe hospitali kubwa yenye thieta (chumba cha upasuaji), damu na daktari wa uzazi. Wanaopinga, na huku Likoni, kusini mwa kivuko cha Mombasa, hawakosi, hujibiwa kwa upole kuwa wanaongozwa na mazoea ya zahanati ya mtaani wala si takwimu. Mimi naona hao ndio waliopiga hesabu kwa makini zaidi, ila hesabu yao haijaandikwa kwenye ripoti.

Nianze na wanaotaka kufunga, maana hoja yao ina uzito. Mwaka 2018 tume ya jarida la afya la Lancet Global Health, iliyoongozwa na Margaret Kruk wa Harvard, ilipendekeza uzazi uhamishiwe hospitali zenye uwezo wa upasuaji, na Kaunti ya Kakamega ikakubali kulifanyia kazi wazo hilo. Mkunga mmoja wa zamu ya usiku, bila damu wala mtu wa kutoa dawa ya usingizi, ana kikomo. Mtoto akikwama, mkunga huyo anaandika rufaa na kupiga simu ya ambulansi. Mwenye presha, mwenye mapacha au aliyewahi kupasuliwa hafai kuzalia pale, na sijasikia mpinzani yeyote wa maana anayedai vinginevyo.

Kisha huletwa takwimu yao kubwa. Mwaka 2014, uzazi uliosimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi nchini Kenya ulikuwa asilimia 62; kufikia 2022 ulikuwa asilimia 89. Vifo je? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikadiria vifo 362 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sensa ya 2019 ikatoa 355. Basi husemwa: akina mama mmewaleta vituoni na bado wanakufa, kwa hivyo kasoro iko kwenye vituo vyenyewe.

Nimeikalia takwimu hii muda mrefu, na kila nikiirudia naona haiwezi kubeba mzigo iliotwikwa. Ile 362 ilitokana na kuwauliza watu habari za dada zao waliofariki, na inahusu miaka saba kabla ya utafiti. Uzazi bila malipo katika hospitali za umma ulitangazwa Juni 2013, kwa hivyo sehemu kubwa ya muda huo ulipita kabla mpango haujaanza. Ile 355 ilitokana na sensa, iliyouliza kila nyumba juu ya vifo vya miezi 12 iliyotangulia. Huwezi kupima gunia moja kwa mizani hii na jingine kwa mizani ile, kisha ukajenga sera juu ya tofauti ya saba. Hata asilimia 89 ni ya 2022, miaka mitatu baada ya sensa. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba nambari ya nchi nzima haimtenganishi mama aliyefia kituo kidogo na aliyefia hospitali kubwa, wala na aliyefia njiani kati ya hivyo viwili. Huyo wa tatu ndiye tunayebishania.

Njia yenyewe tuitazame. Mlango wa bahari wa Likoni una upana wa kama nusu kilomita. Kwenye ramani, Likoni na Hospitali Kuu ya Pwani iliyo ng'ambo, ambayo wengi tunaiita Makadara, ni majirani. Sasa mtoe mwenye uchungu Shika Adabu saa nane za usiku. Kwanza apatikane mwenye tuktuk wa kuamshwa. Wafike kivukoni, feri iko ng'ambo. Irudi, ishushe, ipakie, ivuke. Ambulansi hupewa nafasi ya kwanza, lakini nayo haivuki mpaka chombo kiwe upande wake. Barabara ya Dongo Kundu imesaidia, hasa kwa anayekwenda hospitali ya Port Reitz, nami siipuuzi. Ila barabara hiyo ni ya mwenye gari au mwenye pesa ya kukodi gari usiku.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya muda wa saa mbili. Dada yangu alijifungua usiku katika kituo kidogo cha serikali upande huu wa maji. Damu ilipozidi, mkunga alimdunga oksitosini, dawa ya kukaza kizazi ili damu ikome, akamkanda tumbo, akamwekea maji ya mshipa, huku mwenzake akiita gari. Alivuka kwenda ng'ambo asubuhi akiwa anazungumza. Hakuna thieta iliyomuokoa kwenye dakika zile za kwanza. Aliokolewa na wanawake wawili na dawa iliyokaa kwenye friji inayofanya kazi.

Wataalamu hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa ukishafika. Wanaotaka kufunga wanatazama ule wa tatu. Wapinzani wanajibu kwa ule wa pili, na mjadala huishia hapo. Mimi naogopa zaidi ule wa kwanza. Mama akijua safari ni ndefu na nauli ni ya watu watatu, husema ngoja kupambazuke. Mama mkwe naye humwita mkunga wa jadi aliye nyumba ya tatu. Hakuna daftari la hospitali litakaloandika saa hizo za kungoja.

Hao akina mama wakishavuka, wanaingia wapi? Hospitali Kuu ya Pwani hupokea rufaa kutoka kaunti zote sita za Pwani, Lamu na Taita Taveta zikiwemo. Pia twakumbuka mgomo wa madaktari wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Ukiwa umefunga milango yote ukabakisha mmoja, siku unapogoma huo mmoja huna pa kubisha.

Kuna mfano wa Uingereza ninaourejea mara nyingi. Katika mji wa Banbury, wananchi walipigania wodi ya wazazi ya hospitali ya Horton, na mwaka 2008 jopo huru likakubali kwamba Oxford, zaidi ya kilomita 30 kutoka pale, ni mbali mno kwa mwenye uchungu. Oktoba 2016 madaktari wakapungua, wodi ikabakishiwa wakunga peke yao, na watu wakaambiwa ni kwa muda tu. Mwaka uliofuata uamuzi ukafanywa wa kudumu. Umbali wa kwenda Oxford ulikuwa ule ule. Na hiyo ni nchi yenye ambulansi na barabara ambazo sisi hatuna.

Kwa hivyo mpangilio ndio ninaoutilia mkazo. Ongezeni vitanda ng'ambo, wekeni ambulansi inayolala upande wa Likoni, kisha tuzungumze habari ya kufunga. Kufunga kwanza na kuahidi gari baadaye ni kumwachia mzazi abebe gharama ya pengo hilo kwa mwili wake.

Wanaotaka kupinga wasingoje mpaka kufuli lionekane mlangoni. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Wodi ya usiku hufia humo, kwenye mstari wa mishahara, mkunga aliyestaafu asipoandikiwa mbadala. Kwenye kikao cha maoni ya wananchi ulizeni swali moja, na msikubali kujibiwa kwa jumla: katika kila kituo cha Likoni, ni wakunga wangapi watakaolipwa kufanya zamu ya usiku kuanzia Julai 1?