Louis wa riwaya na Louis wa runinga

Wapenzi wa riwaya za Anne Rice, mwandishi wa Marekani, hapa Kampala wana ubishi usiokwisha: je, AMC, kituo cha runinga cha Marekani kilichoanza kurusha tamthilia ya Interview with the Vampire Oktoba 2022, imeitendea haki riwaya au imeichuna ngozi?

Lawama kubwa ni juu ya Louis, mhusika mkuu, aliyegeuzwa mnyonya damu na mwenzake Lestat. Katika riwaya ya 1976 ni Mzungu, bwana shamba wa Louisiana mwaka 1791, mwenye watumwa. Runingani ni Mweusi anayemiliki madanguro mtaa wa Storyville, New Orleans, mwaka 1910. Wanaopinga wana hoja nzito. Louis wa riwaya huililia roho yake kurasa kwa kurasa, ilhali watumwa wanaofyonzwa damu shambani mwake hawapati hata chozi. Na ni watumwa haohao wanaong'amua kwamba mabwana zao si viumbe wa kawaida. Unafiki huo ndio ulioipa riwaya makali. Ukimgeuza Louis kuwa mwonewa, umemsamehe deni kubwa.

Hata hivyo, naegemea upande wa runinga. Lestat, Mzungu, anapomrubuni Louis kwa ahadi ya nguvu ambazo mji umemnyima, mtazamaji wa huku hahitaji kufafanuliwa. Enzi za ukoloni, watu wa Kampala walinong'ona kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Mnyonya damu wetu hakukaa kwenye kasri. Alikuwa mwajiriwa, na juu yake alikuwapo bosi Mzungu. (Mapenzi ya wanaume hao wawili, yaliyofichwafichwa riwayani, sasa yako peupe, sidhani kama kuna stesheni ya hapa itakayothubutu kuyarusha, hasa baada ya sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja.)

Kwa Claudia, mtoto anayegeuzwa mnyonya damu na kulelewa na Louis na Lestat, nashindwa kuitetea runinga. Rice alimpoteza bintiye kwa saratani ya damu mwaka 1972, kabla mtoto huyo hajatimiza miaka sita. Claudia wa riwaya ana miaka mitano, na anabaki hivyo huku akili ikikomaa. Anatengenezewa mdoli wa mwanamke mzima, kisha anauponda mkononi. Runinga imempa miaka 14. Sababu inaeleweka, kwani hakuna mtoto mdogo awezaye kuigiza hayo msimu baada ya msimu bila kukua. Hata filamu ya 1994 ilimtumia Kirsten Dunst, aliyekuwa mkubwa kuliko mtoto wa riwayani. Lakini binti wa miaka 14 anaweza kujitanda vizuri, akapita kama mtu mzima. Wa miaka mitano ni wa kubebwa tu, milele.