Mita 60 za matete Kilombero

Kila mgogoro wa mifugo unapozuka Bonde la Kilombero, Tanzania, hubishana mfugaji anayetafuta malisho na serikali inayohesabu maji yanayoingia mto Rufiji. Ukingo wenyewe wa mto hauna wa kuusemea. Anayetaja ndege huambiwa hayo ni mambo ya watalii.

Yupo mnana asiyeishi popote duniani ila bonde hili. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1990 tu: Ploceus burnieri. Kiota chake hukisuka kwenye matete ya kandokando ya maji, na hana makao ya akiba.

Kiangazi, nyasi za mbugani zikikauka, ng'ombe hushuka mtoni. Hutangulia moto, ili majani mabichi yachipue. Kisha ng'ombe hula machipukizi, na kwato zao hubomoa ukingo na kushindilia udongo. Tete likiliwa mara moja huota tena, kwa sababu mizizi iko hai. Likiliwa na kukanyagwa msimu mzima, huchoka, na ukingo hubaki udongo mtupu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu na zile za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mita 60! Mtu mzima huzimaliza kwa hatua zisizofika mia. Kwa mfugaji hapo ni pa kupita akienda kunywesha, wala kundi haliwezi kushiba hapo mpaka masika. Kwa mnana ni shamba, nyumba na mahali pa kulelea makinda. Anayedai eneo hilo ni dogo mno kugombewa anaitetea hoja yangu, kwamba aachiwe mnana, bila kujua.

Mfugaji naye asikilizwe. Operesheni ya serikali ya mwaka 2012 iliondoa mifugo mingi bondeni, lakini jembe la mpunga lilibaki, nalo hung'oa hata mizizi. Tena nyasi zilizoliwa zikawa fupi huwafaa ndege wengine, yangeyange na vitwitwi. Ni kweli, ila hao wana kwingine pa kwenda.

Kwa hiyo siungi mkono kuwafukuza wafugaji tena. Yachimbwe malambo mbali na mto, njia za kunyweshea ziwe chache na zijulikane, na mkulima apimiwe kwa kamba ileile ya mita 60. Bila malambo hayo, hata mchungaji anayeitii sheria hana pa kulipeleka kundi lake mwezi wa kumi.